Mwenye Ng'ombe Weupe

Maziwa yaligoma kuganda.

Mwanamvua aliyatia kwenye kibuyu Jumatatu, kibuyu kilekile alichokifukiza kwa kijinga kama alivyofundishwa na mama yake kule Kondoa, akakitundika pembeni ya jiko, akakisahau. Jumatano alipokifungua, akingojea ule uchachu unaopanda puani, alikuta maziwa laini, meupe, hayajajitenga hata kidogo. Akatia kidole. Yalikuwa na joto. Halikuwa joto la jua wala la jiko. Lilikuwa joto la chuchu, kana kwamba yamekamuliwa dakika ile.

"Nasma," aliita, "hebu njoo unionjee kitu hiki."

"Mama, mimi na maziwa ya humu tulishaachana," binti yake alijibu kutoka uani. "Mwite Mazengo."

"Mazengo naye hayataki tangu juzi. Anakunywa chai ya rangi."

"Basi maziwa yamegoma, mchungaji kagoma. Tumebaki sisi tu, tusiojua kugoma."

Mwanamvua hakucheka. Alikuwa ananusa. Jikoni mlikuwa na harufu ya mvua, ile ya udongo mkavu unapopigwa na matone ya kwanza, na ulikuwa mwezi wa kumi, na kwenye nyika za nyuma ya Mpwapwa mwezi wa kumi hauna mvua. Una vumbi, na upepo, na miti iliyokauka hadi inalia.

Ilikuwa nyumba ya watu watatu na mchungaji mmoja. Kabla ya hapo walikuwa watu wa Area D, Dodoma mjini, wenye bucha, wenye majirani, wenye mlango unaogongwa. Kisha Harithi, baba wa nyumba, akafika umri ule ambao baadhi ya wanaume huanza kuona kila kitu kimeoza isipokuwa wao. Mji umeoza, alisema. Majirani wambea. Simu zinaharibu watoto wa kike. Bora kuishi na ng'ombe, ng'ombe hawasengenyi. Akakodi kipande cha ranchi ya zamani iliyokwisha kufa, mbali na Mpwapwa kiasi kwamba bodaboda wenyewe hukataa kufika, akamhamisha mkewe huko kama linavyohamishwa kabati.

Nasma alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na alikuwa na ulimi ambao kwenye midahalo uliwafanya wavulana wa sheria watafute maji ya kunywa. Aliitwa nyumbani likizo. Likizo haikuisha. Simu yake ilifungiwa kwenye sanduku la baba pamoja na ya mama, na ufunguo wa pikipiki ukalala kwenye mfuko wa kanzu. Ukiuliza kwa nini, jibu lilikuwa moja: mimi ndiye baba wa nyumba hii. Huwezi kuijibu hoja ya namna hiyo, kwa sababu si hoja.

Alhamisi, jua likiwa utosini, saa ile ambayo wakubwa huwakataza watoto kutembea nje, Mazengo aliwarudisha ng'ombe kunywa maji. Wale wekundu na wa madoadoa, ng'ombe wa Harithi mwenyewe, walikimbilia birika wakisukumana. Wale weupe hawakunywa. Walijipanga mstari mmoja mbele ya nyumba, vichwa vyote vimeelekea mlangoni, wakawa wanacheua, na taya zao zilikwenda pamoja, zikasimama pamoja, zikaenda tena pamoja.

Nasma alisimama na fagio mkononi. Nyuma ya ng'ombe, kwenye lango, kulikuwa na chamchela cha vumbi, vile vinavyozuka mchana na kupita vikibeba majani. Hiki hakikupita. Kilisimama palepale langoni kikizunguka polepole kama mtu anayesubiri aruhusiwe kuingia, na hakikuwa na sauti yoyote.

"Dada Nasma," Mazengo alinong'ona bila kumtazama, "ingia ndani."

"Kwani hiki ni nini?"

"Mimi sijui ni nini. Ingia tu, na wewe."

Mazengo alikuwa kijana wa Kigogo asiyekosa utani hata akiwa amekanyagwa na dume. Nasma alipoona midomo yake imepauka, aliingia.

Mama yake alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, khanga imefunika mdomo. Alianza kusema kabla hajaulizwa.

"Unamkumbuka Shani?"

"Yule mtamba mweupe? Si alikufa?"

"Baba yako alisema alikufa."

Nasma akaketi. Alimjua mama yake. Sentensi kama ile alikuwa ameibeba miezi.

"Wale weupe si wetu," Mwanamvua alisema kwa sauti ya chini. "Waliwekwa mwaka jana, wewe ukiwa chuo. Alikuja mtu kwa miguu, jua kama hili, anaswaga kundi zima peke yake. Kanzu nyeupe, mwanangu, na haina hata chembe ya vumbi. Nikajiambia labda amekung'uta. Akasalimia vizuri kuliko maimamu. Akasema huko kwao malisho yamekwisha, anatafuta mtu wa kumwekesha ng'ombe. Na desturi ya kuwekesha unaijua."

Nasma aliijua, kila mtoto wa Kondoa na Ugogoni anaijua. Ng'ombe wa kuwekwa, maziwa ni ya mtunzaji, ndama ni wa mwenyewe. Akifa mmoja, mtunzaji hasemi tu kwa mdomo. Anapeleka ngozi, na ngozi iwe na masikio yake, kwa sababu alama ya mwenye mali hukatwa sikioni. Hakuna maandishi, hakuna mahakama. Ngozi ndiyo shahidi, na kwa ngozi watu wameaminiana hivyo tangu mababu.

"Baba yako akapokea," Mwanamvua aliendelea. "Mbele yangu, mbele ya Mazengo. Akafurahi, mtu akipita aone kundi kubwa. Kiangazi kilipokaza akamtoa Shani alfajiri, siku ya mnada, akasema anampeleka josho. Akarudi jioni amepanda pikipiki. Shani? Amekufa njiani, homa ya kupe, ndigana. Na pikipiki? Amepewa na rafiki."

"Mama."

"Ngoja. Mwenyewe alipokuja kutazama ng'ombe wake, baba yako akamtolea ngozi. Aliitoa kwa mtu wake wa bucha, Nzuguni. Haina masikio. Akasema fisi wameyala."

"Fisi gani anaacha nyama yote anakula masikio?"

"Ndivyo nilivyojiuliza na mimi."

"Ukamuuliza baba?"

Mwanamvua aliishusha khanga mdomoni.

"Mwanangu, katika nyumba hii mimi huuliza chumvi ikiisha."

Nje, taya za ng'ombe ziliendelea, pamoja, pamoja.

"Yule mtu aliinama akainusa ile ngozi. Hakukasirika. Akaniangalia mimi. Nasma, mboni za macho yake hazikuwa duara. Zilikuwa zimelala, hivi, kama za ng'ombe. Akasema, nitarudi kuuliza mara ya pili. Akaiacha ngozi pale chini, akaenda zake. Nikatoka kutazama nyayo zake kwenye vumbi. Hazikuwepo."

Jioni ile waliswali magharibi sebuleni, Harithi mbele, mke na binti nyuma yake, kama kawaida, na Mazengo, ambaye si Muislamu, alikuwa zizini anafunga lango kwa mnyororo. Harithi alisoma kwa sauti yake nzito, ile aliyoitumia pia kuagiza chai. Akafika mwisho wa Fatiha, na wanawake wawili wakaitikia amina, na nyuma yao, kwenye nafasi tupu kati ya migongo yao na ukuta, sauti ya tatu ikaitikia pamoja nao, sauti ya mwanaume, tulivu, yenye adabu, iliyovuta ile amina kwa unyenyekevu hadi nywele za shingoni mwa Nasma zikasimama moja moja, akawa hawezi kugeuka kwa sababu yuko kwenye swala na hawezi kutogeuka kwa sababu pumzi ya yule aliyekuwa nyuma ilikuwa inampiga kisogoni, ya joto, yenye harufu ya majani yaliyotafunwa. Harithi alinyamaza. Aliisikia. Nasma aliona mabega ya baba yake yakipanda na kushuka. Kisha Harithi akaendelea kusoma, kwa kasi, akakosea aya, akairudia, akaikosea tena.

Walipotoa salamu, nyuma hapakuwa na mtu.

"Baba, umesikia," Nasma alisema.

"Nimesikia nini?"

"Baba."

"Upepo," alisema Harithi, akakunja mswala wake.

Kesho yake mchana Mwanamvua alitoka kuchota maji na hakurudi. Nasma alimwita, akamwita tena, akazunguka tangi, akatazama chooni, kisha akasikia Mazengo anapiga yowe zizini, akakimbia na kiatu kimoja, na alipofika kwenye uzio alimwona mama yake amesimama katikati ya wale weupe, mikono inaning'inia, khanga imeanguka begani, uso umeelekea nyumbani kama nyuso zao, na taya lake lilikuwa linakwenda, kushoto, kulia, kushoto, linakwenda na za wale, linasimama na za wale, na koo lake likapanda kama linaleta kitu kutoka tumboni, likashuka, na taya likaanza tena, na mdomoni hamkuwa na kitu.

Walimbeba hadi ndani. Alikuwa mwepesi. Hakuacha kucheua.

"Malaria," alisema Harithi mlangoni.

"Nipe ufunguo wa pikipiki. Nampeleka hospitali Mpwapwa."

"Hospitali ukawaambie nini?"

"Kwani wewe unaogopa nitawaambia nini?"

Kofi lilimpata Nasma shavuni kabla hajamaliza. Hakulia. Alibaki amemkazia macho, na wakati huo Mazengo, ambaye kwa kawaida hakuingia sebuleni, aliingia, akasimama kati yao, akasema, "Mzee, mama anakufa." Harithi alimwangalia mkewe anavyotafuna hewa. Mambo ya nyumba hayaendi hospitali, alisema mwishowe. Akautoa ufunguo akampa Mazengo, akamwagiza amlete ustadhi.

Ustadhi Abdulswamadu alifika asubuhi ya pili, amekaa nyuma ya Mazengo, vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa mtu mwembamba, muuza vipuri vya baiskeli pale Mpwapwa mjini, asiye na majigambo ya waganga wa redioni. Alimsalimia mgonjwa kwanza, kisha mwenye nyumba. Nasma alimpa shikamoo, naye alipoitikia aliliona lile shavu, akatazama upande.

Akafukiza udi. Akasoma, mkono juu ya kikombe cha maji, na wote wanne wakakaa kwenye mkeka kumzunguka Mwanamvua, Harithi karibu kabisa na mlango.

"Waalaykumu salaam, ustadhi," kinywa cha Mwanamvua kilisema. "Huna haja ya kupaza sauti. Mimi si kiziwi wala si kafiri."

Ilikuwa ile sauti ya amina. Ilitoka bila taya kuacha kutafuna.

"Wewe nani?" aliuliza ustadhi.

"Mwenye ng'ombe."

"Umeingia kwa mke wa mtu. Ni haramu kwako."

"Nilikwenda kwa mume kwanza, nikamuuliza kwa adabu. Alinipa ngozi ya mwingine. Sasa nauliza mara ya pili, kwa mlango nilioukuta wazi."

"Unataka nini?"

"Ngozi ya Shani, na masikio yake."

Mazengo alitazama miguu yake.

"Au?" Nasma aliuliza.

Ustadhi alimwashiria anyamaze, lakini sauti ikajibu. "Binti anauliza vizuri. Au neno. Aliyempokea ng'ombe wangu mbele ya mashahidi aseme mbele ya mashahidi alimpeleka wapi. Neno likisemwa, limenifungulia, natoka kama nilivyoingia, na mama huyu ataamka aombe uji. Jua likipita utosini halijasemwa, nitajitoa mwenyewe, nami nikijitoa mwenyewe natoka na pumzi yake. Sipendi. Ndivyo tulivyo."

Ustadhi Abdulswamadu alifunga msahafu.

"Unafunga nini?" Harithi alifoka. "Mfukuze! Si ndiyo kazi niliyokuitia?"

"Mzee Harithi, jini mvamizi namtoa. Huyu anadai haki yake. Nimsomee aya gani? Ya kumwambia asamehe wizi?"

"Nani kaiba?"

"Mimi sijui. Ndiyo tunakuuliza."

"Mimi nasema," Nasma alidakia. "Baba alimuuza Shani mnadani, akanunua ile pikipiki. Ngozi ilitoka Nzuguni. Haya, toka."

"Ni kweli," sauti ilisema kwa upole. "Lakini si wewe uliyempokea."

Nje kivuli cha tangi kilikuwa kinarudi chini ya tangi. Udi uliisha kwenye kitezo, na harufu ya mvua ikajaa chumbani.

"Mzee," ustadhi aliomba. "Ni neno moja. Hapa tuko watu watatu wa kukusikia, na wote tutakufa siku moja. Sema, mama apone."

"Mnataka nidhalilike mbele ya mchungaji wangu?" Harithi alikuwa anatoka jasho. "Mbele ya mtoto niliyemzaa? Alikufa kwa ndigana. Wallahi, alikufa kwa ndigana!"

Zizini ng'ombe weupe walilia wote mara moja, mlio mmoja mrefu. Taya la Mwanamvua likasimama. Macho yake yakatafuta, yakampata mumewe, na iliyotoka sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe, imekwaruza, ya mtu aliyetoka mbali.

"Baba Nasma. Sema tu. Mimi sitakucheka."

Na hapo Harithi alifungua mdomo. Tumtendee haki, alifungua. Nasma aliona neno likipanda kooni mwa baba yake kama lile bonge linavyopanda kooni mwa ng'ombe, aliona linafika ulimini, na akaona baba yake akilionja, akionja namna kesho Mazengo atakavyomwita mzee, namna ustadhi atakavyosimulia dukani kwa watu, namna mkewe atakavyomwekea chai mezani akijua, kila asubuhi akijua, miaka yote iliyobaki, asicheke, na kutocheka kwake kuwe kukubwa kuliko nyumba, na kivuli cha tangi kikawa kimebaki upana wa kiganja, na Mwanamvua akanyoosha mkono wake kwenye mkeka kumwelekea, na ustadhi akasema kwa kunong'ona, "Sema, ndugu yangu, sema," na Harithi akasema.

"Ni Mazengo. Mazengo ndiye aliyemuuza."

Mazengo aliinua uso. "Mzee," alisema. "Mimi?"

Basi. Jua lilipita. Nje mnyororo wa lango ulidondoka wenyewe, kwato zikapita mbele ya dirisha, nyingi, bila haraka, na vumbi lake halikupanda. Mkono wa Mwanamvua ulikuwa bado umenyooshwa. Nasma aliushika, na ulikuwa na joto kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Siku ya hitima ranchi ilijaa. Mwanamvua alipokuwa hai hakuna aliyejua njia ya kufika. Alipokufa njia ilijulikana, magari yalitoka Dodoma, yalitoka Kondoa, turubai lilifungwa, na wanawake wasiomtembelea hata mara moja walilia hadi wakaishiwa sauti. Harithi alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya wanaume.

"Presha," aliwaambia. "Kazi ya Mungu haina makosa."

Wakampa pole. Wakamsifu kwa subira. Dada yake, Shangazi Kuluthumu, alikuwa ameshaanza kuwaambia wenzake jikoni kwamba mwanaume hawezi kukaa na mifugo peke yake, Kondoa wapo mabinti wenye adabu. Mazengo hakuwepo, alikuwa amefukuzwa kwa wizi wa ng'ombe. Ustadhi Abdulswamadu hakualikwa. Mashahidi wawili, wote nje. Katika hilo Harithi alikuwa makini kuliko wanasheria. Kisomo kiliongozwa na Shehe Mbaruku, aliyeletwa kutoka Kondoa na hakujua lolote.

Kabla ya adhuhuri Nasma alitoka upande wa wanawake. Alivuka uwanja, akasimama mbele ya turubai la wanaume, mahali ambapo mwanamke hasimami, akaeleza. Hakupiga kelele. Alianza na siku ng'ombe walipowekwa, akaja kwenye mnada, akaja kwenye ngozi isiyo na masikio, akaja kwenye neno moja lililokataliwa. Kila kitu kwa mpangilio, kama alivyofundishwa kusimamisha hoja. Alipomaliza kukawa kimya, na kwa dakika nzima alidhani ameshinda.

"Huyu mtoto hayuko sawa," alisema mzee mmoja.

"Yamemhamia," alisema Harithi, na macho yake yakajaa machozi, machozi ya kweli, hilo ndilo baya zaidi. "Yale majini yaliyompandisha mama yake presha. Nisaidieni jamani."

Wakamsaidia. Mashangazi walimkamata mikono, akakalishwa mkekani sebuleni, akafunikwa kitambaa cheusi, kitezo kikasogezwa hadi moshi ukamkaba. Wanaume wakaingia nyuma ya shehe, wakajaza chumba.

"Wewe nani?" Shehe Mbaruku aliuliza.

"Mimi Nasma."

"Mwongo. Taja jina lako."

"Nasma Harithi. Mwanafunzi. Shehe, nisikilize mimi."

"Jini huyu mkaidi," alisema shehe. "Ongezeni udi."

Alikohoa hadi akalala ubavu. Na pale chini, chini ya pindo la kitambaa, aliona mlango umebaki wazi, na kati ya viatu vya wafiwa aliona pindo la kanzu nyeupe lisilo na vumbi. Wengine waliingia na kutoka wakimpita bila kumpisha. Mwenye kanzu aliinama, na mboni zake zilizolala zikakutana na za Nasma. Hakuna mwingine aliyekuwa anamtazama Nasma mwenyewe. Wote walikuwa wanamtazama jini.

"Mimi nimekusikia," alisema. "Nawe ulisema kweli. Lakini hawa hawatakusikia. Niwaulize mimi?"

Nasma alijua anaambiwa nini. Alikuwa ameushika ule mkono hadi ulipopoa. Juu yake Shehe Mbaruku alikuwa anauliza tena jina, na nyuma ya shehe baba yake alikuwa anapewa glasi ya maji na watu wawili.

"Kwa mama yako niliingia bila ruhusa," alisema yule wa mlangoni. "Ilikuwa makosa. Safari hii nabisha. Hodi."

"Karibu," alisema Nasma.

Akaketi wima. Kitambaa kikaanguka. Sauti iliyotoka haikuwa kubwa, lakini ilikuwa ya mwanaume, na chumba kizima kilinyamaza hadi zikasikika chembe za vumbi zikipiga bati.

"Harithi. Shani ulimpeleka wapi?"

Shehe Mbaruku alivuta kofia yake vizuri. "Unaulizwa, Harithi," alisema kwa heshima. "Jibu."

Glasi ilianguka.

"Mnadani," alisema Harithi. "Nilimuuza mnadani. Mazengo hana kosa. Alikuwa mtamba wa mtu, nikamuuza, mke wangu aliniomba niseme, nikakataa." Akapiga magoti. "Nisamehe. Nisamehe."

Astaghfirullah, wanaume walisema. Mzee mmoja akalia. Yalikuwa maneno yaleyale waliyoyasikia uwanjani kutoka kwa binti, hayakuzidi hata moja.

"Alhamdulillahi," alisema Shehe Mbaruku akijifuta jasho. "Umejibiwa. Haki yako umeipata. Sasa umtoke binti wa watu."

Macho ya Nasma yalizunguka chumba, taratibu, yakipita uso mmoja mmoja, na mboni zake zilikuwa zimelala.

"Niliyebisha hodi nikakaribishwa?" ilisema ile sauti. "Nitokeje?"

Akajisogeza katikati ya mkeka, akakunja miguu kama mwenye nyumba. Waliokuwa karibu na mlango walianza kurudi nyuma, mlango ukajifunga.

"Kaeni," akawaambia. "Mbona mnasimama? Binti ana maswali mengine."

Wanaume wote wakakaa.